Bwana Mita Anatafuta Pango

Katika mji ule watu wamewahi kufukuzwa kwenye nyumba za kupanga kwa sababu nyingi: muziki, mbwa, mashemeji wasiokwisha. Lakini aliyefukuzwa kwenye nyumba ambayo hata hajaipanga, akiwa amekuja kuitazama tu, ni mmoja, naye ni Bwana Mita. Kosa lake lilikuwa kuwasha moto sebuleni.

Si kwamba alisikia baridi. Alitaka kuona moshi utatokea wapi. Alichukua maboksi aliyoyakuta jikoni, akayararua, akayatia kwenye sufuria aliyotoka nayo nyumbani (maana jambo lenyewe alilipanga), akawasha, akarudi nyuma kidogo na kuweka mikono mgongoni kama mkaguzi wa serikali. Moshi ukapanda mpaka darini, ukafikiri, ukashuka. Haukutokea popote. Ulimfuata yeye. Dalali wa nyumba, aliyekuwa nje anaongea na simu, aliporudi aliwakuta majirani wawili na ndoo zao, na mteja wake amekaa sakafuni, macho mekundu, anatikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu.

"Nyumba hii haifai," Bwana Mita alisema katikati ya kikohozi. "Watu wa kale wangeipita bila hata kugeuza shingo."

"Watu wa kale gani, mzee wangu?" aliuliza dalali, maji yakimchuruzika kifuani, maana ndoo ya pili iliukosa moto ikampata yeye.

Jina hilo la Bwana Mita alipewa na kazi. Mpaka anastaafu alikuwa msoma mita za umeme, na kwa kuwa aliingia kila mtaa na kila ua, aliamini hakuna mtu anayezijua nyumba kumshinda. Ukweli ni kwamba nyumba za watu alizijua kwa nje: ukuta wa ubavuni, kisanduku cha mita, na tabia za mbwa. Angeweza kukuambia mbwa wa nyumba gani huuma bila kubweka. Lakini vyumba vina ukubwa gani, paa linavuja au halivuji, hilo hakulijua hata kwenye nyumba aliyolala yeye mwenyewe. Kwao mchagua nyumba alikuwa mkewe, mkunga mstaafu, mwanamke aliyezoea kuingia chumba chochote na kuamua papo hapo kitanda kikae wapi na nani atoke nje.

Safari hii mkunga hakuweza kuzunguka. Aliteleza kwenye sakafu ya soko iliyomwagiwa maji, akavunjika mguu, akafungwa plasta na kupelekwa kwa binti yao, mwalimu wa shule, anayeishi upande wa pili wa mji. Wakati huohuo mwenye nyumba wao akaja na maneno laini: mwanawe anaoa, anaihitaji nyumba. Kwa binti hapakuwa na nafasi ya mzee. Mkunga mwenyewe alilala chumba kimoja na wajukuu, na wajukuu wale walilala kama mikasi.

Basi Jumapili moja mkunga alimwita mumewe karibu na kitanda.

"Nyumba utafute wewe," alisema. "Mguu ukifunguliwa nitakuja kuiona. Nikiipenda, nahamia. Nisipoipenda, mimi nimeshafika."

"Umeshafika wapi?"

"Hapa kwa mwanangu. Naletewa chai kitandani, wajukuu wananichekesha, mkwe ananiamkia kila asubuhi. Nikatafute nini kwingine?"

Alisema hivyo huku anatabasamu, lakini Bwana Mita alikuwa amelizoea tabasamu lile kuliko mtu yeyote duniani, akajua safari hii halina utani ndani yake. Alirudi nyumbani, akala wali wa jana, akaona vyumba vimekuwa vikubwa ghafla.

Hapo ndipo watu wa kale walipoingia.

Tangu astaafu, Bwana Mita alikuwa na mazoea ya kwenda maktaba. Alianza kwa ajili ya feni, akaendelea kwa ajili ya vitabu. Kitabu kilichomteka kilikuwa kinene, kimepoteza jalada, kinaeleza maisha ya binadamu kabla hawajajua kulima wala kuandika. Sura ya mapango aliisoma kwa mapenzi ya mtu aliyepata barua ya mchumba. Alijifunza kwamba watu wale hawakujitupa kwenye shimo lolote walilokutana nalo. Kwanza walitazama mdomo wa pango umeelekea wapi, ili jua la asubuhi likaushe sakafu na kuwapasha mifupa. Walitaka maji yawe karibu, lakini si karibu sana, maana wanyama nao wana kiu. Walikwepa dari inayodondosha mawe. Walipenda mahali palipoinuka, waone mawindo na maadui kwa mbali. Moto waliukoka karibu na mdomo, moshi ukatambaa darini na kwenda zake. Wao wenyewe walikaa hukohuko mbele kwenye mwanga, wakalalia majani, na wadudu wakizidi majani yakachomwa, yakaletwa mengine. Kule ndani kabisa, gizani, waliwaachia popo, au waliingia mara mojamoja kuchora kwenye kuta.

"Watu hawana tofali, hawana dalali," Bwana Mita alimwambia mkwewe, "na wakapata makao mazuri. Mimi mwenye pensheni nishindwe?"

Pango lenyewe, la mawe, aliwahi kuliingia mara moja maishani mwake, kwenye matembezi ya wastaafu. Popo mmoja alimwingia kwenye kola. Alikaa ndani kwa muda uleule unaomtosha mtu kutoka. Lakini tukio hilo hakulitia katika hesabu, maana utaalamu, kwa maoni yake, ni wa kusoma.

Dalali alikuwa mtu mzima mwenye kitambi, pikipiki, na lundo la funguo lililomning'inia kiunoni kama askari wa gereza. Alikuwa na subira ya kazi yake, lakini Bwana Mita aliitafuna subira hiyo kipande kwa kipande. Baada ya nyumba ya moshi, alimpeleka kwenye nyumba nzuri kabisa karibu na barabara ya lami.

"Hii ina vigae mpaka chooni, mzee wangu."

"Mdomo umeelekea wapi?"

"Mdomo wa nani?"

"Wa nyumba."

Dalali alitazama mlango, akatazama alikotazama mlango. "Umeelekea duka la simu."

"Kaskazini," alisema Bwana Mita, mikono ameitandaza kama mtu anayepimwa koti. "Jua halitaingia, patakuwa na unyevu. Mapango ya namna hii wazee waliwaachia fisi."

"Fisi wangekuwa wanalipa kodi ningewapa."

Nyumba iliyofuata ilikuwa na ua mpana na bomba mlangoni kabisa, kiasi kwamba mtu angeweza kujaza ndoo huku amekaa kitini. Bwana Mita aliliangalia bomba lile kwa huzuni.

"Maji yako karibu mno. Wanyama wote watakuja kunywa hapa."

"Wanyama gani?"

"Ndivyo alivyouliza yule aliyeliwa."

Dalali alikaa juu ya pikipiki yake, akafuta jasho. "Mzee, nina wateja nchi nzima. Wengine wanataka maegesho, wengine wanataka jirani asiwe mlokole, wengine asiwe mlevi. Wewe ndiye wa kwanza kunitajia simba."

"Ndiyo maana hao wengine wanahama kila mwaka."

Hilo nalo alilitunga palepale. Bwana Mita alikuwa hivyo: akikosa ushahidi, ulimi wake ulimtafutia.

Hatimaye dalali, ama kwa ujanja ama kwa kukata tamaa, alimpeleka kwenye mtaa wa kilimani. Nyumba yenyewe ilikuwa juu ya barabara, imeegemea mwamba, mlango umetazama mashariki kama uliagizwa. Bomba lilikuwa chini barabarani, umbali wa heshima. Sakafu kavu. Dirisha la jikoni lilikuwa palepale mbele, na safari hii Bwana Mita alipowasha karatasi moja tu, dalali akiwa amesimama na ndoo tayari, moshi ulitambaa darini na kutoka nje bila kuaga. Nyuma kulikuwa na stoo ndefu, nyeusi, isiyo na dirisha. Kutoka kibarazani uliona barabara yote mpaka kwenye kona, na kutoka barabarani mpaka mlangoni ulipanda ngazi za saruji, nyembamba, zenye kuinuka kwa ghafla, hazina pa kushika.

Bwana Mita alisimama juu ya ngazi zile akihema, akajipiga kifua.

"Unaona? Anayekuja kwa ubaya atafika hapa hana pumzi. Nampiga na kijiti tu."

"Na anayekuja kwa wema?" aliuliza dalali, aliyekuwa bado katikati ya ngazi, ameshika goti.

"Huyo atapumzika."

Kama wewe unayesoma umeshaona tatizo, basi umemzidi Bwana Mita. Yeye alizipanda ngazi zile na godoro, akazipanda na meza, akazipanda na kabati la mkewe likiwa limefungwa kamba kama mwizi, yeye na wapakuzi wawili waliomlaani kimyakimya, na hata siku moja kichwa chake hakikuunganisha neno ngazi na neno mguu. Alikuwa na mambo makubwa ya kufikiria. Alikuwa anapanga pango.

Kitanda alikiweka sebuleni, karibu na mdomo. Jiko mbele, kwenye mkondo wa moshi. Takataka pembeni, upande upepo unakoelekea, kwa jirani, kama alivyosoma, ingawa jirani hakuwa amesoma. Na kwa kuwa watu wa kale walipeleka michoro yao gizani, kwenye kina, aliichukua picha ya harusi yao, ile kubwa yenye fremu ya dhahabu ya kupaka, akaitundika mwisho wa stoo, nyuma ya tanki la maji. Kuitazama ilibidi uende na tochi. Alikwenda nayo mara kwa mara. Alisimama pale, akammulika mkewe kijana, kisha akajimulika mwenyewe kijana, mwembamba, nywele tele, akazima haraka.

Maana kulikuwa na jambo ambalo kitabu hakikuligusa. Pangoni mule hapakufika mtu. Muuza mboga aliita kutoka barabarani, na Bwana Mita akishuka alimkuta ameshakwenda. Mjumbe wa mtaa alimpungia mkono kutoka chini. Aliweka viti viwili kibarazani, akakaa kimoja, akalinda barabara dhidi ya nyati. Kwa mbali aliwaona watu kwenye benchi la kinyozi, chini kabisa, kando ya ngazi zake, wanacheka jambo. Hakulisikia. Alipowapigia simu kina mkunga alisema nyumba ni ya aina yake, na hapo, kwa mara moja, hakutia chumvi.

Plasta ilifunguliwa. Mkunga akaanza kutembea na magongo. Jumamosi moja, mchana kweupe, teksi ilisimama chini ya kilima, akashuka binti, kisha magongo, kisha mkunga. Bwana Mita alikuwa juu kibarazani, amevaa shati la kupigwa pasi, mikono ameifungua kumkaribisha. Dalali naye alikuwapo, maana alitaka kuona mwisho wa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya.

Mkunga aliinua uso. Alizitazama ngazi kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha akamtazama mumewe aliyesimama juu yake, mdogo kama ndege kwenye waya.

"Baba Mwalimu," aliita. "Hizo ni za kwenda kwetu?"

Bwana Mita aliteremsha mikono. Alitazama ngazi, akatazama magongo, akatazama ngazi tena, na taratibu, kama balbu ya zamani inayowaka kwa kusuasua, aliona alichokifanya. Alikuwa amemkimbia simba, amemkimbia fisi, amekimbia unyevu, na mtu ambaye pango lilichaguliwa kwa ajili yake hakumkumbuka hata kidogo.

Alishuka. Dalali alishuka nyuma yake. Kinyozi, mtu mpole mwenye aproni iliyojaa nywele za watu, alikuwa ameshamtolea mkunga nafasi kwenye benchi na kumwekea kigoda cha mguu. Binti alipanda kuitazama nyumba, akarudi amekunja uso.

"Mama, ni safi. Ila picha yenu ya harusi iko stoo, gizani, nyuma ya tanki."

"Ndiko walikoweka michoro ya heshima," Bwana Mita alisema kwa sauti ndogo.

"Heshima ya kumulikwa," alisema mkunga. "Kama mita."

Kinyozi alicheka mpaka mteja wake akashika masikio. Bwana Mita alichuchumaa mbele ya mkewe.

"Mama Mwalimu, nilisahau mguu."

"Naona."

"Nilikuwa natazama mambo ya jua."

"Naona, mume wangu. Ulitazama kila kitu. Mimi tu ndiye sikuwa kwenye kitabu."

"Nitakubeba."

Mkunga alimtazama mabega, akamtazama magoti, akamtazama binti yao. "Mwambie wa teksi asiondoke," alisema.

Hapo moyo wa Bwana Mita ulianguka mpaka kwenye viatu. Aliiona teksi ile ikirudi na mkewe: chai ya kitandani, wajukuu, mkwe mwenye adabu, na yeye Jumapili kwa Jumapili akibisha hodi kama mgeni. Alizishika funguo za nyumba ya juu kwa mikono miwili, akaonekana kama mtu anayeshikilia kofia msibani.

Mkunga hakuinuka. Alikuwa ameegemea mlango wa bati uliofungwa, pale pembeni ya kinyozi. Aligonga bati lile kwa kisigino cha gongo.

"Humu ndani kuna nini?"

"Lilikuwa duka," kinyozi alimjibu. "Na vyumba viwili nyuma, na choo. Ni vya mwenye nyumba huyuhuyu wa juu. Havina mtu siku nyingi."

"Dalali, una ufunguo?"

Dalali alikuwa na funguo zote za dunia, na huo pia. Mlango ulilalamika, ukafunguka. Mkunga aliingia kwa magongo yake, tap, tap, sakafu imelingana na barabara, hata kizingiti hakuna. Bwana Mita aliingia nyuma, na kila alichokiona kilimchoma. Mlango ulitazama machweo. Dari ilikuwa chini. Mfereji wa maji ya mvua ulipita mbele. Redio ya kinyozi iliingia kupitia ukutani kama imealikwa.

"Patakuwa na joto jioni," alisema.

"Jioni nitakaa nje kwenye benchi."

"Moshi hauna pa kutokea."

"Nitapika kwa gesi."

"Yeyote anayepita anaweza kuingia."

"Ndicho ninachokitaka." Mkunga aligeuka pole pole juu ya gongo moja, akaelekeza la pili. "Kitanda pale. Meza hapa. Picha ya harusi hapo juu ya mlango, mtu akiingia tu akutane na sura yako ya zamani, apate kusamehe ya sasa. Wewe, dalali, mwambie mwenye nyumba tunabadilishana, chini kwa juu, mkataba uleule."

"Na juu akae nani?" binti aliuliza.

Dalali alikohoa. Alianza kuzihesabu funguo zake, jambo ambalo halikuwa na haja. "Mimi," alisema. "Naona aibu kusema. Lakini mzee huyu amenisemea mapango mpaka usiku nikilala naota. Nyumba yangu nimeipima, imetazama kaskazini. Mke wangu anakohoa."

Wote wakamtazama Bwana Mita, na Bwana Mita akatazama chini kwa unyenyekevu ambao haukumkaa vizuri.

"Na mimi," akauliza, "unanihamisha, au nakuja kukutembelea?"

Mkunga alikuwa ameshakaa juu ya kreti la soda lililosahauliwa na mwenye duka. "Teksi ikalete mabegi yangu," alimwambia binti. Kisha kwa mumewe: "Wewe anza na kabati. Polepole. Mgongo ukikatika nitakufunga mwenyewe."

Kabati lilishuka ngazi zile kwa shida zaidi kuliko lilivyopanda. Godoro lilishuka lenyewe, lilimponyoka likamkosa kinyozi kidogo tu. Dalali alibaki kule juu, anapima vyumba vyake vipya. Jua lilipoelekea magharibi liliingia mlangoni moja kwa moja, likapiga ukuta wa ndani, chumba kikawa kama tanuri, na Bwana Mita hakulitaja.

Badala yake alitoka na kukaa kwenye benchi kati ya kinyozi na wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu. Alinyoosha miguu. Mmoja wao alimuuliza kwa nini ameiacha nyumba nzuri ya juu.

"Utaalamu," alisema Bwana Mita. "Watu wengi hawajui, lakini watu wa kale walipendelea mapango ya chini. Ya juu waliyadharau. Mtu mwenye akili alitafuta pango lililo njiani, mdomo umetazama machweo, ili wapita njia waone moto wake wavutike. Mimi hapa nilipaona siku ya kwanza. Kule juu nilikuwa nahifadhi mizigo tu."

Wateja waliitikia kwa vichwa. Kinyozi alisimamisha mkasi, asipitwe.

"Na hao wenye kukaa juu," Bwana Mita aliendelea, sauti imepata nguvu, "walikufa kwa upweke. Imethibitishwa."

Kutoka ndani, nyuma ya mlango wa bati, ikaja sauti ya mkunga aliyekuwa anapanga vikombe.

"Pandisha sauti, mume wangu. Dalali huko juu hakusikii."